Chumba cha Mbele cha Bi Shinuna

Mwenye haraka na aende zake sasa hivi. Atakayebaki atatakiwa kuhukumu, na mimi sipokei jibu la "wote wamefanya vizuri". Hilo ni jibu la waoga, na waoga nimewachoka.

Wanawake hawa walikuwa watatu, wameolewa na ndugu watatu, wanakaa nyumba moja Ngamiani, pale Tanga, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Mwanamosi, mke wa Mbaraka, alijaliwa macho. Akiingia jikoni kwako kukusabahi tu, anatoka anajua kwamba sukari unanunua ya kupima, na kwamba mfuniko wa sufuria yako hauzibi, ndiyo maana mkaa haukutoshi. Hakuambii. Anajua tu, anakuaga vizuri, na wewe unabaki umekasirika bila kujua kwa nini.

Sikudhani, mke wa Hemedi, alijaliwa kukataa. Wapo watu wakitaka kusema hapana huanza na "unajua, ndugu yangu", wakajikuna kichwa, wakacheka kidogo, mwisho wakatoa pesa. Sikudhani alisema "hapana", akaendelea kuchambua mchele.

Asumini, mke wa Kasimu, alijaliwa mdomo. Wauza nazi sokoni wakimwona anakuja walianza kulalamika mapema kwamba mwaka huu nazi hakuna. Haikuwasaidia. Angeulizia hali ya mtoto, angesifu kofia, angeshika kiuno na kucheka, na muuzaji angestuka nazi zimeondoka kwa bei ya maganda.

Mkwe wao, Bi Shinuna, alikuwa na maoni yake juu ya vipaji hivi. "Mmoja mpelelezi, mmoja mkavu, mmoja mwongo," alisema, tena barazani, wenyewe wakisikia. "Wanangu wameniokotea. Mtu ukimtuma sokoni gizani ndivyo anavyorudi."

Lakini msidhani aliwadharau wakwe peke yao. Bibi yule alikuwa na dharau ya kutosha mtaa mzima, na fungu kubwa alilitenga kwa wanawe mwenyewe. Na hapo, wallahi, mimi simlaumu.

Sikilizeni watu wenyewe. Nyumba ilijengwa na marehemu baba yao alipokuwa msimamizi kwenye shamba la mkonge. Ukumbi mrefu katikati, vyumba kulia na kushoto, ua nyuma, na mbele chumba chenye mlango wake unaofungukia barabarani. Nyumba nzuri. Ila bati zilikuwa zimekwisha kwa kutu, na yakidondoka manyunyu tu, watu wanakimbilia mabeseni. Sasa chini ya bati hizo, Mbaraka alikuwa amenunua makochi. Makochi ya maua ya dhahabu, nayo hayajavuliwa nailoni tangu yaje, kwa kuogopa mvua. Mgeni anakalia nailoni, akiinuka inainuka naye. Kasimu alikuwa na televisheni pana kuliko dirisha, na wingu likitanda anaifunika kanga za mkewe. Na Hemedi! Hemedi hakukosekana kwenye kamati ya harusi yoyote mjini. Alikuwa akichangia harusi za watu wasiojua jina la baba yake, anashona sare, anatunza bibi harusi kwa noti, anarudi nyumbani kulala na beseni miguuni.

Hao ndio waliomwita mama yao ukumbini siku moja baada ya Alasiri.

"Mama," alianza Mbaraka, kwa sauti ile ya mtu aliyefanya mazoezi. "Nyumba hii inakula hela. Kuna tajiri mmoja wa mabasi anakitaka kiwanja. Tuuze, tugawane, kila mtu akapange kwake."

"Na mimi nikapange wapi?"

"Wewe utakaa kwetu kwa zamu. Kwangu kidogo, kwa Hemedi kidogo, kwa Kasimu kidogo."

Bi Shinuna alisonya sonyo refu mpaka paka akaondoka ukumbini. "Kwa zamu! Niwe kama sufuria la shughuli, leo kwa huyu, kesho kwa yule, linarudi na masizi ya watu! Lo, nimezaa!"

Alisema kwa ukali, lakini aliogopa. Watoto wote watatu aliwazalia chumba cha upande wa kulia, na mumewe alitolewa kwa jeneza kwenye mlango ule ule wa mbele. Hakuwa na mahali pengine duniani. Akajikaza, akainua kidole.

"Masika yakinikuta bila bati mpya, nitatia dole gumba, muuze. Lakini atakayeniezekea nyumba hii kabla ya masika, chumba cha mbele ni chake. Ufunguo wake, mlango wake, afungue duka, asimlipe mtu kodi. Nimesema mbele ya watu."

Wana wakatazama miguu yao. Wake zao, waliokuwa wamesimama mlango wa uani wakisikiliza, hawakutazama chini. Fremu ya duka ya kufungukia barabarani mtaa ule haipatikani hovyo. Mwanamosi alitaka kuuza vitenge. Sikudhani alitaka kuuza gesi. Asumini alishajiona amekaa kati ya magunia ya mchele. Na yule bibi, katika hasira zake, alikuwa amesema "atakayeniezekea", mmoja, hakusema "watakaoniezekea". Likumbukeni hilo.

Basi Mwanamosi akaanza kutembea.

Desturi ya nyumba ilikuwa hivi: kila mwana analeta pesa ya matumizi kwa mama, inawekwa bakuli moja, na humo hutoka chakula, mkaa, maji na luku ya umeme. Bakuli lilikuwa likikauka kila wiki kabla ya siku zake, na kila mtu alimtazama mwenzake kama mwizi. Mwanamosi hakumtazama mtu. Alitazama nyumba. Aliona mkaa unanunuliwa kwa kopo kila asubuhi, wakati gunia zima lingekwenda mbali zaidi kwa pesa pungufu. Aliona luku inavyokwisha mbio, akafuata waya kutoka dirisha la chumba chake mwenyewe mpaka nje, kwenye kibanda cha kinyozi, rafiki wa Mbaraka, anayenyoa mji mzima kwa umeme wa watu na kumnyoa Mbaraka bure. Aliona kadi za michango ya harusi zimepangwa juu ya televisheni, na kila kadi imekula bakulini kwa jina la "dharura". Akayasema yote, uani, mbele ya mkwe wake na watu wa nyumba.

"Endelea," alisema Bi Shinuna, akifurahia wanawe wanavyovuliwa nguo.

"Lililo kubwa bado, mama. Naomba unisamehe. Ni masinia ya Ijumaa."

Tangu enzi za marehemu, kila Ijumaa Bi Shinuna alipika pilau na kupeleka masinia kwa majirani. Zamani zile sinia halikurudi tupu. Lilirudi na nazi, na ndimu, na visheti, hata kama ni yai moja. Siku hizi lilirudi tupu, na wengine hawaoshi. Bi Shinuna alikuwa akiona, na akipika vile vile, ili mtu asiseme kwamba nyumba ya msimamizi imefilisika.

"Unanihesabia sadaka, mke wa Mbaraka?"

"Sadaka inakwenda kwa asiyenacho, mama. Haya yanakwenda kwa watu wenye majokofu mawili."

Ebo! Bi Shinuna alimtazama yule mwanamke kutoka kichwani hadi kwenye kandambili. Mtu aliyewacheka wanawe kwa makochi na harusi amekutwa naye ana pilau lake la kujionyesha. Masinia akakubali yasimame, ila Mwanamosi hakumsamehe.

Haya. Kuona ni kuona. Nani atakwenda kumwambia kinyozi? Mbaraka alisema ni rafiki yake, ataona haya. Mwanamosi mwenyewe, pamoja na macho yake, alisema hawezi kugombana na rafiki wa mumewe. Hemedi akasema kamati zitamfikiriaje. Watu hawa wangekufa na aibu zao mikononi.

Sikudhani alifuta mikono, akatoka nje jua likiwa utosini, akashika waya, akauvuta. Mashine ikanyamaza. Kwenye kiti alikuwepo bwana mmoja mnene, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado.

"We dada! Kuna mteja hapa!" kinyozi akapiga kelele.

"Namwona. Mmalizie kwa wembe."

"Shemeji yako Mbaraka aliniruhusu!"

"Mwambie akupe na luku."

Akaukunja waya, akaingia nao ndani. Kuanzia hapo hakupumzika. Wenye kadi walikuja, akazipokea kwa mikono miwili: "Hongereni sana, tutawaombea dua. Mchango hatuna." Wakamtafuta Hemedi, Sikudhani akasimama katikati. Mashangazi wakaleta vitambaa vya sare, akavirudisha vikiwa na harufu ya duka. Ijumaa ilipofika akasimama mlangoni na kumwambia kila mtoto aliyetumwa na jirani kuchungulia, "Leo hakuna. Wiki ijayo pia hakuna." Mtaa ukamtukana. Akaitwa gumegume, akaitwa roho mbaya, yeye anachambua mchele. Na kibubu cha mbao kilichofungwa kwa misumari, ambacho Bi Shinuna alikiweka chini ya kitanda atie kinachobaki bakulini, kikaanza kuwa kizito.

Ila kulikuwa na jambo. Kati ya nyumba zile zilizokuwa zikipelekewa sinia, moja haikuwa na jokofu wala cha kutia ndani ya jokofu. Ilikuwa ya Bi Arafa, bibi asiyeona, aliyechezwa unyago siku moja na Bi Shinuna, na tangu hapo wanaitana somo. Lile sinia lilikuwa chakula chake cha Ijumaa na kiporo cha Jumamosi. Sikudhani alikata yote, hakuchagua, kwa sababu mtu mwenye kipaji cha hapana hapambanui. Mwanamosi aliona, maana nini kilimpita? Akanyamaza, ili hesabu ya kibubu isiharibike. Bi Arafa naye hakutuma mtu kuuliza. Alidhani somo yake amemchoka. Bi Shinuna alikuja kuyajua haya baadaye, masika yakikaribia, alipokwenda mwenyewe kumtazama akamkuta amekonda, anakunywa chai ya rangi bila kitafunio. Ijumaa ile akapeleka sinia moja, kwa mkono wake, na Sikudhani alipofungua kinywa, bibi alimwambia, "Nyamaza kabla sijakupiga na mwiko."

Lakini narudi kwenye bati. Kibubu kilivunjwa, na pesa iliyotoka ilikuwa ya kuezekea ukumbi na nusu ya vyumba. Si zaidi. Wana wakaanza kutabasamu. Mbaraka alikwishashika simu ampigie tajiri wa mabasi.

Asumini akaomba ile pesa, akaifunga kwenye pindo la kanga, akatoka.

Kwanza, hakungoja masika. Watu wengi hununua bati mvua ikishawapiga, na muuzaji anajua kwamba wamelowa, anapandisha. Asumini alikwenda jua likiwaka, duka limelala, mwenye duka anajipepea kwa kalenda. Alikaa, akanywa chai ya yule bwana, akaulizia wazee wake. Alipofika kwenye bei, akatoa machozi. "Baba yangu, si kwa ajili yangu. Mkwe wangu yuko kitandani. Hataiona Idi. Ombi lake ni moja tu, afe chini ya bati lisilovuja." Mwenye duka naye akalengwalengwa na machozi, akampa kwa bei aliyonunulia, na misumari juu. Kisha Asumini akaziuza bati kuukuu kwa mfuga kuku, kwa maneno matamu hata mfuga kuku akadhani amepewa zawadi. Akapatana na fundi kwa kazi nzima, hakukubali kumlipa kwa siku, maana fundi wa kulipwa kwa siku hunywa chai sana na kila msumari huutazama mara mbili. Fundi huyu alifanya mbio. Paa likafunika nyumba yote, mpaka choo cha uani.

Nyumba ikameremeta. Halafu siku moja, Bi Shinuna amekaa ukumbini anakula muhogo wa nazi kwa raha zake, hodi. Mwenye duka la bati, amebeba machungwa, amevaa kanzu, uso wa msiba.

"Nimekuja kumjulia hali mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

Asumini alitokea mbio, akamkumbatia mkwe wake kwa nguvu. "Mama umeinukaje! Daktari si amekukataza?" Na kwa sikio: "Lala, mama. Lala, nakuomba, bati atazifuata."

Na Bi Shinuna binti wa watu, mke wa msimamizi, akalazwa kwenye makochi ya nailoni, akakohoa. Alikohoa mpaka yule bwana akaondoka analia. Kisha akainuka, nailoni ikainuka naye, akamgeukia Asumini.

"Umenichuria kifo! Kwa ajili ya bati!"

"Bati unazo, mama. Na kifo hakikuja."

"Toka mbele ya macho yangu!"

Masika yakaingia. Mvua ilipiga bati mpya mpaka watu hawasikilizani, na halikudondoka tone. Mabeseni yakarudi kazi yake ya kufulia. Na barazani, wana watatu wamekaa kivulini wamekunja nne, Hemedi anamwambia mpita njia, "Ndiyo hivyo, tumeezeka. Si unajua, mzazi ni mzazi." Bi Shinuna alimsikia kutoka ndani. Mtume! Hata kusonya hakusonya. Kuna watu dharau nayo inawaona wadogo.

Ila Mbaraka hakuwa amemaliza. Wake zao walishaanza kununiana juu ya chumba, vyungu vinagongana jikoni, watoto wanakatazwa kucheza pamoja. Akamwendea mama yake taratibu. "Unaona, mama? Ugomvi mtupu. Si bora tuuze tu tupate amani? Tajiri bado anakitaka."

Hapo Bi Shinuna akatambua. Nyumba iliyopona kuvuja ingeweza kuuzwa kwa kelele za ugomvi. Ufunguo ulikuwa lazima utoke siku ile ile, uende kwa mmoja, kwa sababu ambayo hata waliokosa hawataweza kuikataa. Akachukua ufunguo, akaketi ukumbini, akawaita wote, na wana wakaja kusimama nyuma kama wapangaji.

"Semeni," akasema. "Kwa kifupi. Sina mapenzi na yeyote kati yenu."

"Mama," Mwanamosi akaanza, "bila mimi, huyu angekataa nini, na yule angenunua kwa pesa gani? Mlikuwa mnatazamana kama wezi. Mimi ndiye niliyewaonyesha."

"Kuona!" Sikudhani alicheka kwa pua. "Waya ulipita dirishani kwako, dada. Umeolewa umeukuta, ukaamka nao kila siku. Aliyeuvuta nani? Matusi ya mtaa mzima yamemkalia nani? Hata Ijumaa hii nimepita njiani nikatemewa mate."

"Poleni na mate," alisema Asumini. "Pesa yenu ilikuwa ya ukumbi na nusu ya vyumba. Ninyi sasa hivi mngekuwa mmeshafungasha, na mama yuko kwenye zamu. Nani alilifikisha paa mpaka chooni?"

Kila mmoja alisema kweli. Hilo ndilo lililomkera bibi. Alitafuta mwongo, hata Asumini safari hii hakudanganya. Toa mmoja yeyote, nyumba ingekuwa ya tajiri wa mabasi.

Akawatazama. Huyu wa kwanza alimwambia mbele ya watu kwamba ukarimu wake ni majivuno, akamwona Bi Arafa ananyimwa, akanyamaza. Huyu wa pili alimwokolea nyumba kwa kumnyima chakula somo yake kipofu, na mpaka leo haoni kosa. Huyu wa tatu alimuua akiwa hai akamkohozesha mbele ya mwanamume wa kando. Na yeye mwenyewe, Shinuna, alikuwa wapi? Alikuwa akipima uzito wa kibubu, amefurahi kinavyojaa, hakuuliza wamenyimwa akina nani. Aliona haya, na kuona haya hakukuzoea, akaukunja uso zaidi.

Sasa msinijie na ujanja wenu. Mtasema chumba wagawane. Chumba kimoja, mlango mmoja, wanawake wale watatu? Hata mzani wa kupimia wasingekubaliana nani aushike. Mtasema bibi akikodishe, wagawane kodi. Aliahidi mbele ya watu, na mwenye kuvunja ahadi leo kesho hana neno la kuwazuia wanawe wasiuze. Mtasema, kwa upole ule wa kujipendekeza kwa Mungu, apewe Bi Arafa. Bi Arafa ana chumba chake. Alichokosa ni chakula, na kati yenu mnaosema hivyo sijamwona aliyempelekea.

Mvua inapiga. Mbaraka amesimama nyuma, simu mkononi, anangoja mama yake ashindwe. Bi Shinuna amenyoosha mkono na ufunguo uko kiganjani, na viganja vitatu viko wazi mbele yake, na hakuna hata kimoja anachokipenda.

Wewe uliyekaa hapo ukicheka tangu tulipoanza, sema: nyumba ingekuwa yako, na matumizi ya kesho yatoke kwenye bakuli lako, ufunguo ungemtilia nani mkononi?